Muulize Mwalimu: “Mtoto wangu hatulii darasani, nifanyeje?”

Mwezi huu meseji nyingi zilizoingia zina kilio kimoja, mtoto hatulii shuleni, hamalizi kazi, walimu wanalalamika na mzazi kachanganyikiwa. Nimechukua tatu ambazo naona zitawasaidia na wengine. Majina tumeyaficha kama kawaida yetu.

SWALI (Mama wa Kimara, Dar es Salaam)

Shikamoo mwalimu. Naomba unisaidie maana nimefika sehemu nikiona namba ya shule inaita moyo unaruka. Nina mtoto wa kiume kaanza darasa la kwanza Januari, shule ya ingilishi midiamu, kazaliwa Desemba kwahiyo alianza ndo ametoka kutimiza miaka sita. Kila siku malalamiko, mara katoka kwenye kiti anazunguka darasa zima, mara kachukua rula ya mwenzake, mara kajibu kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, kazi anaanza hamalizi, daftari limejaa wino mwekundu. Kuchapwa kachapwa, shuleni na baba yake nyumbani, sasa hivi kila asubuhi anasema tumbo linauma ila Jumamosi na Jumapili haliumi. Mama mkwe anasema ni soda na pipi. Jirani kanishauri nimpe Piriton usiku awahi kulala. Ratiba yake anaamka saa kumi na nusu alfajiri, gari la shule linampitia kumi na moja na robo maana sisi ndo wa kwanza kwenye ruti, anarudi saa kumi jioni, anaenda tuisheni hapo mtaani mpaka saa kumi na mbili, anakula, anaangalia katuni kwenye simu yangu, analala kwenye saa nne hivi. Usingizi wake mzito, anakoroma mpaka sebuleni unamsikia. Je huu ni ugonjwa, ni malezi yangu mabaya, au nimhamishe shule?

JIBU

Marahaba mama. Kwanza pole, na nikuondoe wasiwasi wa malezi, mzazi aliyeandika ratiba ya mwanae kwa undani hivi ni mzazi anayemwangalia mtoto wake. Na kwenye hiyo ratiba ndo kuna sehemu kubwa ya jibu lako, hebu tuisome pamoja.

Saa nne usiku mpaka saa kumi na nusu alfajiri ni masaa sita na nusu. Mtoto wa miaka sita mpaka kumi na mbili anatakiwa alale masaa 9 hadi 12 kwa siku, hivyo ndivyo madaktari wa usingizi wanavyoshauri. Yaani mwanao kila siku anaingia darasani akiwa na deni la masaa mawili na nusu kwenda juu, na deni la Jumatatu halijalipwa Jumanne linaongezeka. Sasa sisi wakubwa tukikosa usingizi tunasinzia, lakini mtoto mdogo mara nyingi anafanya kinyume, anaruka, anagusa kila kitu, analia ovyo, anagombana, hawezi kushika jambo moja. Mwalimu anaona utundu kumbe mtoto kachoka. Kwa watoto wa Dar hili ni janga kabisa na tunalichukulia poa, nenda kituoni alfajiri uone vitoto vya chekechea vimelala kwenye viti vya magari ya shule, shingo zimepinda, begi limemwangukia miguuni.

Kwahiyo kabla ya kitu kingine chochote rudisha usingizi. Tuisheni mtoe, mtoto wa darasa la kwanza aliyetoka nyumbani usiku na kurudi saa kumi hana kichwa cha kubaki na chochote huko, hayo masaa mawili mpe acheze na wenzake nje akimbie apige mpira aruke kamba, hilo nalo ni dawa maana mwili uliotumika unatulia. Ale mapema. Simu izimwe angalau saa nzima kabla ya kulala, na hapo sisemi kwamba katuni ni dhambi, ila mwanga wa simu na zile picha zinazobadilika kila sekunde mbili zinaamsha ubongo wakati ambao ungetakiwa kupoa. Kitandani saa moja na nusu usiku, hapo akiamka saa kumi na nusu anapata yale masaa tisa. Halafu nenda kaongee na shule kuhusu ruti, waambie wazi kwamba mtoto ni mdogo na anaamshwa saa kumi na nusu, waulize kama ruti inaweza kuzungushwa ili anayechukuliwa wa kwanza asiwe yeye kila siku. Wakikataa, hapo ndo swali lako la kuhamisha shule linapata maana, na mimi ningekushauri umhamishie shule ya karibu hata kama jina lake dogo. Kumhamisha kwa sababu ya kukimbia malalamiko halafu unampeleka mbali zaidi utayakuta malalamiko yameshatangulia.

La pili, huko kukoroma. Naomba usilipuuze. Mtoto kukoroma akiwa na mafua siku mbili tatu ni kawaida, lakini anayekoroma usiku hadi usiku mchunguze. Ingia chumbani kwake saa sita usiku ukae dakika kumi umsikilize. Analala mdomo wazi? Anatoka jasho kichwani wakati hakuna joto? Kuna wakati pumzi inakatika kabisa kidogo halafu anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu? Anakojoa kitandani wakati alishaacha? Ukiona hayo inawezekana zile tezi za nyuma ya pua, ambazo wengi tunaziita nyama za puani, au mafindofindo, yamevimba yanaziba njia ya hewa. Mtoto wa hivyo hata ukimlaza masaa kumi usingizi wake unakatikakatika, asubuhi anaamka kachoka, na darasani anakuwa hivyohivyo ulivyoeleza. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali zote kubwa za Dar wapo. Nimewahi kufundisha watoto ambao baada ya kutibiwa pua walibadilika mpaka mwalimu mwenzangu akadhani wameombewa.

Ukifika kwa huyo daktari mwambie na masikio ayaangalie. Mtoto anayepata mafua mara kwa mara anaweza kubaki na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, haumwi, hatoi usaha, lakini anasikia nusunusu. Mwalimu anasema fungua ukurasa wa kumi na mbili, yeye kasikia fungua, basi anamgeukia jirani kuuliza na hapo keshaandikwa anaongea darasani. Unaweza kumpima kienyeji nyumbani, simama nyuma yake hatua kadhaa akiwa hana kelele pembeni, mtaje jina kwa sauti ya chini bila yeye kuona mdomo wako, fanya siku tofauti. Asipogeuka mara nyingi, inawezekana ni sikio hilo.

Na anakula nini kabla ya gari? Hujaandika, nahisi saa kumi na moja alfajiri hakuna kinachopita. Kama chakula cha kwanza ni saa nne mapumziko, basi vipindi vyote vya mwanzo anasoma na njaa. Jaribu uji mzito kwenye chupa ya chai, wenye karanga au maziwa, anywe hata kwenye gari. Dawa za minyoo alikunywa lini? Kope zake za chini ukizivuta ni nyekundu au nyeupe? Mtoto mwenye upungufu wa damu anachoka na hashiki anachofundishwa, kipimo chake ni rahisi na kituo chochote cha afya wanapima.

Kuhusu soda na pipi, mama mkwe ana nia njema na punguza kweli, kwa ajili ya meno na kwa sababu zinamshibisha asile chakula. Ila siyo zinazomrusha. Watafiti wa Marekani walikusanya majaribio ambayo watoto walipewa sukari na wengine utamu usio sukari bila wazazi wala watoto wenyewe kujua nani kapewa nini, matokeo yakachapishwa 1995, na haikuonekana kwamba sukari inabadilisha tabia ya watoto. Piriton hapana kabisa. Ile ni dawa ya mzio na mafua, kusinzia ni madhara yake tu, usingizi wake siyo mzuri, asubuhi mtoto anaamka mzito, na kuna watoto inawafanya wachangamke zaidi badala ya kulala. Mshukuru jirani halafu usimpe.

Halafu kuna hili la kuzaliwa Desemba, naona hakuna aliyekuambia. Darasani kwake kuna watoto waliozaliwa Januari ya mwaka uleule, wanamzidi karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka sita mwaka mmoja ni sehemu ya sita ya maisha yake. Kule British Columbia, Canada, walifuatilia watoto zaidi ya laki tisa, utafiti ukatoka 2012, wakakuta wavulana waliozaliwa Desemba ambao ndo wadogo kuliko wote darasani walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari kuandikiwa kwamba wana tatizo la umakini. Mwezi wa kuzaliwa hauleti ugonjwa jamani, ni kwamba walipimwa kwa kipimo cha watoto waliowazidi umri. Mkumbushe mwalimu hilo kwa upole, mwambie huyu ndo kitinda mimba wa darasa lako.

Na mwalimu usiende kumkuta getini asubuhi wakati watoto sitini wanamvuta sketi. Omba muda, nenda mchana, anza kwa kumsikiliza maana na yeye ana mzigo. Kisha muombe mambo machache anayoyaweza. Amkalishe mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mtoto mtulivu. Kazi amkatie, badala ya hesabu ishirini kwa mkupuo afanye tano, ainuke apeleke meza ya mwalimu zisahihishwe, arudi afanye tano nyingine, hapo mwalimu kamaliza shida mbili kwa pamoja maana mtoto kafanya kazi na kapata ruhusa halali ya kutembea. Ampe kijikazi cha kufuta ubao au kugawa madaftari. Akianza kuhangaika amguse bega tu akipita, bila kumtaja jina mbele ya darasa, mtoto anayetajwa jina mara kumi kwa siku kwa ubaya wenzake wote wanajifunza kwamba yeye ndo mbaya na yeye mwenyewe anaamini.

Hata nyumbani maneno yana kazi. Ukimwambia acha utundu, hajui afanye nini, hajapewa cha kufanya. Mwambie weka viatu chini ya meza. Akishaweka, mwambie vizuri umeweka viatu mahali pake, sasa lete daftari. Jambo moja, liishe, ndo lije lingine. Homuweki afanye baada ya kucheza na kula, mezani pawe peupe, tiivii imezimwa na ya kwako simu iwe mbali pia, dakika kumi anaandika, dakika tatu anainuka anakunywa maji, anarudi. Mwanzoni kaa pembeni yake hata kama unachambua mchele.

Sasa kuchapa. Mama, hayo maumivu ya tumbo ya Jumatatu mpaka Ijumaa ni hofu, na tumbo linauma kweli hadanganyi. Mtoto mwenye hofu masikio yake yapo kwenye mkono wa mwalimu, hayapo kwenye somo, anachunga nani kasogea nyuma yake. Umeshaona mwenyewe fimbo zimeongezeka na kutulia hakujaja. Ongea na baba yake mkiwa wawili, mwambie tumeijaribu hiyo njia na haijafanya kazi, tujaribu hii nyingine mpaka muhula uishe. Na shuleni uliza bila woga. Kanuni za viboko za Tanzania, za mwaka 1979 na marekebisho ya 2002, hazimruhusu kila mwalimu kuchapa, ni mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, haizidi viboko vinne, na inaandikwa kwenye kitabu. Omba uone kimeandikwa nini kuhusu mwanao.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Lipo kweli tatizo la umakini na kutotulia, hospitali wanaliita ADHD, inakadiriwa watoto kama 5 kati ya 100 duniani wanalo, ubongo wao unapata shida kuchuja na kusubiri, halitokani na kurogwa wala kudekezwa. Ila halitambuliwi kwa malalamiko ya darasani peke yake. Dalili ziwe zimekaa miezi sita au zaidi, zionekane sehemu zaidi ya moja, yaani shuleni na nyumbani na kanisani au msikitini, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zimvuruge mtoto kweli. Hakuna kipimo cha damu cha kulionyesha, daktari anauliza maswali, anaongea na mzazi, anataka maelezo ya mwalimu. Kwa hiyo panga usingizi, pua, masikio, chakula, na mwalimu, mpe miezi kama mitatu. Ikiwa bado yuko vilevile nenda idara ya afya ya akili, Muhimbili ipo na usiogope jina, hakuna atakayemwita mwanao chizi. Kuna mafunzo kwa mzazi namna ya kuongoza mtoto, kuna dawa kwa wanaohitaji, na daktari ndo anaamua.

SWALI (Baba wa Likoni, Mombasa)

Assalaam aleykum mwalimu. Mwanangu yuko Gredi ya 2, ana miaka minane. Jambo lanishangaza. Chuoni kwa ustadhi wake ni mtoto mzuri, ametulia, amehifadhi vizuri, ustadhi amsifu. Skuli ndiyo balaa, mwalimu wake aniambia hakai kitako, asimama, aenda mbele, apiga soga na mwenziwe, hanakili kazi ya ubaoni akaimaliza. Juzi kapigwa mpaka mkono ukafura. Mamake asema ni jeuri tu kwa kuwa akitaka aweza kutulia. Wewe waonaje?

JIBU

Waaleykum salaam baba. Umeniletea swali zuri sana na umelijibu nusu wewe mwenyewe bila kujua. Mtoto anayeweza kutulia sehemu moja na sehemu nyingine hawezi, usimtazame yeye kwanza, zitazame hizo sehemu mbili zinatofautiana nini.

Chuoni anafanya nini? Anasoma kwa sauti, mwili wake unaruhusiwa kutikisika mbele na nyuma anaposoma, anaitwa mmoja mmoja kwa ustadhi kusikilizwa, akikosea anarekebishwa papo hapo, anarudia mpaka inaingia. Na msahafu au juzuu iko mbele ya uso wake. Skuli anatakiwa anyamaze, asitikisike, na anakili kutoka ubaoni uliopo mbali, halafu atasubiri mpaka zamu ya daftari lake ifike.

Naomba baba ushike hilo la ubao. Wewe mwenyewe umesema hanakili akamaliza, na kwamba anaenda mbele. Anaenda mbele kufanya nini? Inawezekana kabisa haoni. Mtoto mwenye macho yasiyoona mbali hasemi sioni, maana hajui kwamba wenzake wanaona, kwake yeye ubao umekuwa na ukungu siku zote. Kwa hiyo anasimama, anasogea, anachungulia daftari la jirani, jirani anaudhika, inaitwa soga. Kitabu kilicho karibu anakisoma bila shida, ndiyo chuoni kuna raha. Jioni mpeleke barabarani au ufuoni, mwoneshe maandishi ya feri au ya matatu iliyo mbali ambayo wewe unayasoma, muulize imeandikwa nini. Angalia kama anakunja macho. Hata akiyasoma, mpeleke kliniki ya macho wampime vizuri, haichukui muda.

Macho yakiwa mazima, basi nenda kwa mwalimu wa skuli na habari ya chuoni, umueleze kwamba mtoto huyu anajifunza kwa kusema kwa sauti na kwa kusikilizwa. Amruhusu anong'oneze anaposoma, amsikilize yeye na wenzake wawili kwa dakika chache, ampe sehemu ya kusimama nyuma ya dawati lake anapoandika kama kukaa kunamshinda. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kuyafanya yote kila siku, akifanya moja mshukuru. Na mkitaka msaada zaidi huko Kenya mna vituo vya serikali vya kutathmini watoto, EARC, vilianza tangu 1984, ulizia cha Mombasa kwenye ofisi ya elimu, wanapima kusikia, kuona na namna mtoto anavyojifunza na wanaandika ripoti ambayo skuli inaweza kuifuata.

Kuhusu mkono uliofura, hapo sina maneno mengi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumpiga mwanafunzi, na anayefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Piga picha ya mkono, mpeleke zahanati waandike, halafu mwone mwalimu mkuu kwa heshima ukiwa na karatasi mkononi. Usipopata jibu panda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Najua wazazi tunaogopa mtoto asije akachukiwa, lakini ukinyamaza yeye anajifunza kwamba hata babangu ameona ni sawa.

Na mamake mwambie hivi, jeuri huwa haichagui mahali. Mtoto mjeuri angemsumbua na ustadhi.

SWALI (Bibi wa Kilosa, Morogoro)

Mwalimu mimi ni bibi, namlea mjukuu wangu wa kike miaka minane, mama yake yuko mjini anatafuta maisha. Huyu wala hasumbui mtu. Shida yake anazubaa. Mwalimu anasema ni mvivu na anaota mchana, katikati ya imla anaruka maneno. Hata nyumbani namuona, anachota maji mara anasimama anakodoa macho, kope zinapepesapepesa, namwita haitiki, kidogo tu anaendelea kuchota kama hakuna kilichotokea na ukimuuliza hajui. Kwa siku inatokea mara nyingi. Wengine wananiambia ana jini mahaba tumpeleke akatolewe. Nisaidie mjukuu wangu.

JIBU

Shikamoo bibi. Asante kwa kuandika na kwa jicho lako, hujui umemsaidia mtoto kiasi gani kwa kuona hizo kope.

Sitaki kukutisha na mimi sio daktari, lakini hayo uliyoeleza inabidi mtoto aonwe hospitali haraka kwa sababu yanafanana na aina moja ya kifafa cha watoto. Najua neno kifafa tunawaza mtu kaanguka, anatoka povu. Hiki hakiangushi. Mtoto anakatika tu ghafla kwa sekunde chache, kumi au ishirini hivi, anakodoa, kope au midomo inachezacheza, anaitwa hasikii, halafu anarudi na hakumbuki. Inaweza kumtokea mara nyingi sana kwa siku. Sasa fikiria imla, mwalimu anasoma sentensi, mtoto anakatika kwa maneno matatu, akirudi wenzake wako mbele. Anaitwa mvivu kwa kitu ambacho hakukisikia. Na kwa kuwa hasumbui hakuna anayeshtuka, wale watundu wanaitiwa wazazi, huyu anaachwa tu nyuma mpaka anarudia darasa.

Tofauti ya kuzubaa kwa kawaida na huku ni kwamba mtoto anayewaza mambo yake ukimgusa au ukimwita kwa nguvu anarudi. Huyu hata ukimgusa harudi mpaka iishe yenyewe. Na anayewaza anafanya hivyo akiwa kachoka na somo, huyu inamkuta hata katikati ya mchezo au anakula.

Muombe kijana yeyote hapo nyumbani mwenye simu amrekodi video ikitokea, hata fupi, madaktari wanasaidika nayo kuliko maelezo marefu. Muombe na mwalimu kwa siku tano aweke alama kwenye karatasi kila anapomuona amekatika, na saa ngapi. Nenda na hivyo vitu hospitali ya wilaya, waambie unaomba rufaa mtoto akapimwe umeme wa ubongo, ni kipimo cha kubandikwa vinyaya kichwani, hakiumi, hakuna sindano. Daktari anaweza kumwambia apumue harakaharaka kwa dakika kama tatu ili aone kama inatokea mbele yake, usishangae. Ikithibitika kuna dawa za kumeza, watoto wengi wanaitikia vizuri na wengi inawaisha wanapokua. Ila dawa haziachwi kwa kuona amepona, daktari ndo anasema lini.

Wakati mnasubiri, kisimani au mtoni asiende peke yake, asikae na chungu kinachochemka bila mtu mzima pembeni, miti ya maembe asipande, na barabara avuke akiwa ameshikwa mkono. Mwalimu mwambie maneno ya imla aliyoruka amrudishie, ajazie kwa kumuangalizia jirani bila kuhesabiwa kosa. Wanaokuambia jini usigombane nao bibi, na kumuombea mtoto wako omba kwa imani yako kila siku, ila asipelekwe kufungiwa ndani, kufukizwa moshi wala kuchanjwa wembe, na safari ya hospitali isisubiri hayo. Kadi ya kliniki ya utotoni kama bado ipo ibebe, na kama aliwahi kuugua malaria kali au degedege akiwa mdogo, au kuanguka na kuumia kichwa, mpigie mama yake simu umuulize kabla hujaondoka maana daktari atataka kujua.